Hukumu za mahakama zimfikie afisa utumishi

Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiketi Mtwara, iliamua Rufaa ya Madai Na. 12 ya mwaka huo, kati ya Shirika la Posta na mtu aliyekuwa mfanyakazi wake. Mfanyakazi huyo aliachishwa kazi, akapeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuliyozoea kuiita CMA. Shauri likapanda Mahakama Kuu, kisha Rufani. Huko juu majaji hawakufika kwenye swali la kama aliachishwa kwa haki au kwa dhuluma. Walianza na lililotangulia: CMA ilikuwa na mamlaka ya kumsikiliza mtumishi wa umma ambaye hajamaliza ngazi zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma? Jibu likawa hapana, na yote yaliyofanyika huko chini yakafutwa.

Nilikuwa nimeshastaafu. Maisha yangu ya kazi yalipita kwenye meza ya utumishi ya halmashauri, nikianza enzi ambazo barua ya onyo ilipigwa chapa kwa mashine na nakala za kaboni. Binti mmoja niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ni meneja rasilimali watu wa taasisi moja ya Serikali, alinipigia simu usiku.

"Shikamoo mama. Hivi sisi ni watumishi wa umma au siyo?"

Nikaitikia marahaba, nikamwuliza kuna nini. Alikuwa na majalada ya watu walioachishwa kazi na taasisi yake, ambao mashauri yao yalikuwa bado CMA, na wakili amemwambia aandae nyaraka za pingamizi: wote hao ni watumishi wa umma, CMA haiwahusu. Hapo hakuwa na shaka. Kilichomsumbua kilikuja baadaye kidogo, kwa sauti ya chini: "Sasa mama, kamati yetu ya nidhamu iliyowaondoa ilifuata kanuni zipi? Maana sisi tulitumia zile za Sheria ya Ajira."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Kifungu kilichotumika Mtwara si kigeni. Kiliingizwa kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma mwaka 2016, kifungu cha 32A, kikisema mtumishi wa umma amalize kwanza nafuu zote zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi. Maana yake ni kwamba ukifukuzwa na mamlaka yako ya nidhamu unakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na usiporidhika unakwenda kwa Rais, ambaye uamuzi wake ndio wa mwisho katika ngazi hizo za kiutawala. Baada ya hapo mlango uliobaki ni kuiomba Mahakama Kuu ifanye mapitio ya uamuzi. Hata mlango huo una saa yake, kwa kuwa kibali cha kufungua mapitio huombwa ndani ya miezi 6.

Lakini tangu 2016 hadi 2022 watu waliendelea kwenda CMA, na CMA iliendelea kuwapokea, kuwasuluhisha na kuwapa tuzo. Hawakuwa wakaidi. Wengi walikuwa watumishi wa mashirika, mamlaka na wakala, walioajiriwa kwa mikataba inayotaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Vitabu vya kanuni walivyokabidhiwa siku ya kwanza kazini viliandikwa kwa kufuata mwongozo wa utendaji bora wa mwaka 2007, ule wa Tangazo la Serikali Na. 42. Nimewahi kushika mkononi barua za kuachishwa kazi ambazo aya ya mwisho inamwelekeza mtumishi, kwa saini ya mwajiri mwenyewe, kwamba asiporidhika aende CMA ndani ya siku 30.

Kisha likaja pingamizi la awali. Wakili wa Serikali anasimama, anaeleza kwamba tume haina mamlaka, anataja uamuzi wa Mtwara, anakaa. Shauri lililosikilizwa kwa miaka, mashahidi wameshatoka na kurudi makwao, linaondolewa asubuhi moja. Suala la mamlaka haliozi. Linaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa, na hata na aliyekaa kimya tangu mwanzo. Mtumishi anaambiwa arudi Tume ya Utumishi wa Umma, ambako rufaa hukatwa ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi. Siku hizo zimepita zamani. Inabidi kwanza aombe kuongezewa muda, aeleze alikuwa wapi, na jibu lake la kweli ni kwamba alikuwa palepale alipoelekezwa na mwajiri wake.

Sisemi Mahakama ya Rufani ilikosea. Sheria iliandikwa hivyo na Bunge, na jaji hasomi sheria kwa huruma. Ninachosema ni kwamba hukumu ile ilikuwa na makali pande mbili, na sisi wa upande wa mwajiri tumechukua upande mmoja tu. Tumeitumia kumfungia mtumishi mlango wa CMA. Hatujaitumia kujikagua. Kama mtu ni mtumishi wa umma anapolalamika, basi alikuwa mtumishi wa umma pia siku tulipomfukuza, na alistahili hati ya mashtaka, notisi, siku za kujibu na kamati ya uchunguzi kama Kanuni za Utumishi wa Umma zinavyotaka. Mwajiri hawezi kushika sheria mbili, moja ya kufukuzia na nyingine ya kujikingia.

Wasomaji ambao hawajawahi kukaa ofisi ya utumishi huenda wanajiuliza kuna tofauti gani, si yote ni kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu? Ipo. Kwenye utaratibu wa sheria za kazi kamati ya nidhamu huketi, mtu anaitwa akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, pande zote zinasikilizwa, na mara nyingi jambo linaishia hapo. Kwenye utumishi wa umma shauri linaanza kwa maandishi. Mamlaka ya nidhamu inatoa hati inayoeleza kosa, lini, wapi, kwa namna gani. Mtumishi anajibu. Asipokiri, mamlaka inaunda kamati ya uchunguzi ya maofisa wasiopungua wawili, wenye cheo cha juu kuliko mtuhumiwa. Kamati inachunguza na kuandika taarifa. Haihukumu. Anayehukumu ni mamlaka ya nidhamu, baada ya kuisoma taarifa. Kila hatua ina mwenye saini yake. Akisaini asiyehusika, jengo lote linaanguka hata kama mtuhumiwa ameiba mchana kweupe.

Na huwa linaanguka. Nimeona rufaa zikishinda kwa mambo ambayo kijana wa mwaka wa kwanza kazini angeweza kuyazuia. Hati inasema "umekuwa mzembe kwa muda mrefu" bila tarehe hata moja. Kaimu anasaini mahali ambapo hakukaimishwa madaraka hayo. Barua ya adhabu ina mistari mitatu na haina sababu. Mtu anapewa onyo kali mwezi Machi, na Agosti anafukuzwa kwa kosa lilelile.

Ngoja nieleze moja kwa ukaribu. Katika halmashauri moja nilikohamia nilikuta jalada la muuguzi wa zahanati ya kijijini, aliyefukuzwa kwa utoro. Alikuwa amekosekana kazini kwa zaidi ya siku tano, na zikizidi tano bila ruhusa wala sababu ya msingi unafukuzwa. Kwenye utetezi wake aliandika, kwa mkono, karatasi mbili za daftari, kwamba alikwenda kumzika mama yake, na kwamba aliacha barua kwa mganga mfawidhi kabla ya kupanda gari. Barua hiyo haikuwamo jaladani. Rejista ya mahudhurio haikuwamo pia, ilhali ndiyo iliyokuwa ushahidi wa kosa. Nikageuza kurasa hadi kwenye taarifa ya kamati ya uchunguzi. Wajumbe walikuwa wawili, na mmoja wao ni yule yule mganga mfawidhi anayedaiwa kupokea barua. Shahidi ambaye angeulizwa kama aliipokea ndiye aliyeketi kuuliza maswali.

Muuguzi alikata rufaa Tume. Tume haikusema kwamba hakuwa mtoro. Ilisema shauri halikuendeshwa kwa haki, arudishwe, na mwajiri akitaka aanze upya kwa kufuata taratibu. Halmashauri haikuanza upya, kwa sababu mashahidi walishahama na rejista haikuonekana tena. Ikabidi alipwe malimbikizo ya mshahara kwa muda wote aliokuwa nje. Hela hiyo haikuwamo kwenye bajeti, ikasubiri, na katika kusubiri huko mama yule aliishi kwa kuuza mboga stendi huku kijiji chenye zahanati kikiwa na pengo la muuguzi mmoja. Ukijumlisha hasara ya Serikali, ya kijiji na ya familia ile, huoni aliyefaidika.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hilo halikuhitaji elimu ya sheria. Majibu yalishatolewa na mahakama zamani. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inasema pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport, lililoripotiwa 2003, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba baada ya ibara hiyo kanuni za haki ya asili si tena urithi tu wa sheria za Waingereza, bali ni haki ya kikatiba. Shauri lile halikuwa la ajira, lakini linagusa kila kamati ya nidhamu nchini. Miaka tisa kabla yake, katika shauri lililoripotiwa 1994, Mahakama Kuu ilikuwa imeshakataa hoja kwamba mtumishi anaweza kuondolewa "kwa manufaa ya umma" bila kupewa sababu. Maneno hayo manne yalikuwa yanatosha kumrudisha mtu kijijini kwao, na wengi walirudi hivyo. Mahakama ikasema sababu zitolewe.

Hata Waingereza wenyewe walifundishwa somo hili na shauri la mtumishi wa umma. Charles Ridge alikuwa mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, mwenye utumishi wa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1958 alifikishwa mahakamani na kuachiwa huru, lakini jaji alitoa maneno ya kumlaumu. Kamati ya mji iliyosimamia polisi ikamfukuza bila kumwita wala kumwuliza. Alidai haki yake hadi ngazi ya juu kabisa ya mahakama za Uingereza, na mwaka 1963 ikaamuliwa kwamba kufukuzwa kule kulikuwa batili kwa sababu hakusikilizwa. Ridge hakuwa anataka kurudi ofisini. Alitaka pensheni yake. Nimekaa na wastaafu wengi wa Kitanzania waliosumbuliwa na jambo hilohilo: si kiti, bali jasho la miaka thelathini.

Viongozi wetu, nikiwaeleza haya, walikuwa na jibu lao, na si jibu la kupuuza. Walisema mahakama na Tume zinalea wazembe. Namkumbuka mwenyekiti mmoja wa halmashauri, mtu mwenye uchungu wa kweli na maendeleo, aliyeniita baada ya kikao cha Baraza la Madiwani. Mhasibu wa idara alikuwa ameonekana kwenye taarifa ya ukaguzi. "Afisa Utumishi, tunataka aondoke leo. Wananchi wanatuuliza." Nikamwambia, "Mheshimiwa, ataondoka kama ana kosa. Ila akiondoka leo, atarudi. Nipe muda wa kuandika hati." Hakupendezwa. Aliniambia huyo mhasibu angekuwa wa duka lake angekuwa ameshaondoka saa mbili asubuhi.

Namwelewa. Mwananchi aliyekosa dawa zahanati kwa sababu mtu amekula fedha za dawa hana subira ya hati na notisi, na hapaswi kulaumiwa. Lakini tuangalie hukumu zenyewe zinasema nini. Ni mara chache sana mahakama imesema mtumishi huyu ni malaika, mrudisheni. Mara nyingi inasema hamkumsikiliza, hamkumpa sababu, mliyemtuma kuchunguza alikuwa na maslahi. Anayemwokoa mwizi si jaji. Ni mkuu wa idara aliyeshindwa kutunza stakabadhi, na afisa aliyeandika hati ya mashtaka kwa haraka ili kumridhisha mkubwa. Mhasibu yule tulimwandalia shauri kwa utaratibu, hati ikiwa na namba za hundi na tarehe, kila kiambatisho na folio yake. Alifukuzwa, akakata rufaa, na rufaa yake ikagonga mwamba.

Kuna kipindi, baada ya Novemba 2015, nchi nzima ilizoea kuona watumishi wakisimamishwa kazi kwenye mikutano ya hadhara, mbele ya kamera, umati ukishangilia. Tuliita kutumbua majipu. Wapo waliotumbuliwa ambao kweli walikuwa majipu, na mimi ni miongoni mwa walioona ofisi zikichangamka, watu wakifika saa moja na nusu waliokuwa wakifika saa nne. Sitaki kuufuta ukweli huo. Lakini mezani kwetu kila agizo la jukwaani lilituachia swali: mamlaka ya nidhamu ya mtu huyu ni nani, na kosa lake limeandikwa wapi? Afisa mwoga aliandika barua usiku uleule kwa kunukuu maneno ya mkutanoni. Afisa jasiri alimwambia mkurugenzi kwamba amsimamishe mtu huyo kwa utaratibu, apate nusu mshahara wake kama kanuni zinavyosema, uchunguzi ufanyike. Barua za yule mwoga zilishangiliwa wakati ule, na ndizo zilizotengeneza rufaa za miaka iliyofuata.

Kwa hiyo nikirudi kwa binti yangu wa simu ya usiku: nilimshauri asiishie kwenye pingamizi. Ayafungue yale majalada, moja moja, aangalie kama mtu alipewa hati, kama alijibu, kama aliyesaini alikuwa na madaraka. Pale ambapo taasisi ilikosea, aandike dokezo kwa mkurugenzi mkuu kupendekeza mtu arejeshwe au shauri lianze upya, badala ya kusubiri Tume au Mahakama Kuu iseme hivyo baada ya miaka mitano. Aliniuliza kama mkurugenzi mkuu atakubali. Nikamwambia kazi yake ni kushauri kwa maandishi, na dokezo likishaingia jaladani halifi.

Lakini tusimwachie yeye peke yake mzigo huu. Kuna mambo yanayoweza kufanywa na wakubwa bila kusubiri sheria mpya. Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinapatikana bure mtandaoni, kwenye TanzLII, na hilo ni jambo jema ambalo enzi zetu hatukuliota. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa imeandikwa Kiingereza cha kisheria, kurasa ishirini, thelathini. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa pale haki itakapohitaji. Hata hivyo hukumu nyingi ninazoziona bado hazisomeki kwa mtendaji wa kata wala mganga mfawidhi, ambao ndio wanaoanzisha mashauri ya nidhamu kwa barua zao za kwanza. Ofisi ya Rais, Utumishi, inatoa nyaraka kila mwaka kuhusu mambo mengi. Inashindwa nini kutoa waraka wa kurasa mbili, kwa Kiswahili cha ofisini, kila Mahakama ya Rufani inapotoa uamuzi unaohusu watumishi? Uamuzi wa Mtwara ulihitaji waraka kama huo mwezi uleule, ukiwaambia waajiri wote wa umma wabadilishe aya ile ya mwisho ya barua zao, na warekebishe vitabu vyao vya kanuni.

Vivyo hivyo Tume ya Utumishi wa Umma. Inaamua rufaa kwa wingi, na kwenye mafunzo yake huwa inataja makosa yanayojirudia. Ichapishe maamuzi yenyewe, majina yakiwa yamefichwa, ili afisa wa Nanyumbu ajue afisa wa Ngara alianguka wapi. Tukisoma maamuzi ya wenzetu tutaacha kurudia makosa yao. Sasa hivi kila halmashauri inajifunza kwa kushindwa yenyewe, kwa fedha za umma.

Halafu kuna hawa waliokwama katikati, waliokwenda CMA kwa nia njema kabla ya uamuzi wa Mtwara. Kwa hawa sitaki maneno mengi. Muda walioutumia CMA usihesabiwe dhidi yao. Tume ina nafasi ya kupokea rufaa iliyochelewa kwa sababu ya msingi, na sijui sababu ya msingi kuliko kuelekezwa na mwajiri wako kwa maandishi. Mawakili wanaoiwakilisha Serikali wasipinge maombi hayo. Serikali haipotezi kitu mtu akisikilizwa. Kama alifukuzwa kwa haki, rufaa itakataliwa na mambo yataisha.

Jambo la mwisho ni gumu, na najua wenzangu wa zamani hawatalipenda. Mtumishi akirejeshwa kwa sababu taratibu zilikiukwa, Serikali inalipa malimbikizo, na aliyezikiuka anaendelea na kazi, pengine amepandishwa cheo. Sipendekezi akatwe mshahara. Nataka aulizwe. Kila uamuzi wa kumrejesha mtu uende na nakala kwa mamlaka ya nidhamu ya yule aliyeendesha shauri, na aeleze kwa maandishi kwa nini kamati yake ilikuwa na mjumbe mwenye maslahi, au kwa nini hati yake haikuwa na tarehe. Nimeona maofisa wazuri wakigeuka kuwa makini zaidi kwa sababu ya barua moja tu ya kujieleza. Hakuna semina inayofundisha kama hiyo.

Nawaomba maafisa utumishi mlioko kazini leo: kabla mkurugenzi hajasaini hati yoyote ya mashtaka, mwekeeni mezani na kanuni inayohusika ikiwa wazi kwenye ukurasa wake, na mwambieni nani ana madaraka ya kusaini na nani hana. Akikataa ushauri, andikeni dokezo. Na kwenye barua ya uamuzi, mwandikieni mtumishi kwa usahihi ni wapi pa kukata rufaa na ndani ya siku ngapi.